Graundi ya Kigeuzi: Fuata Mkondo Unakorudi

Mashine ya kutotolesha vifaranga inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5. Fundi ameweka sensa ya LM35, ambayo hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, akaiunganisha na ADS1115, kigeuzi cha biti 16 kinachobadili volti kuwa namba. Maikrokontrola inasoma namba hizo na kuamuru relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, iwashe au izime balbu ya joto. Mezani, nyaya zikiwa zimetapakaa kila upande, kila kitu kilienda sawa. Saketi ilipohamia kwenye bodi yake, relei ikaanza kugonga: tak, tak, tak, bila kupumzika, na joto ndani ya sanduku halijasogea. Programu imekaguliwa, haina kasoro. Sensa imebadilishwa, kigeuzi kimebadilishwa. Relei bado inagonga.

Mkosaji ni kipande cha shaba chenye urefu wa sentimita mbili na nusu.

Shaba ya bodi za kawaida ina unene wa maikromita 35. Kwa unene huo, mraba wowote wa shaba, uwe mdogo au mkubwa, una ukinzani wa takriban nusu miliohmu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Njia yenye upana wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 25 ni miraba 100 iliyojipanga mstari mmoja, kwa hiyo ukinzani wake ni miliohmu 50 hivi. Ukiigusa kwa mita ya kawaida upande wa ohmu, utaambiwa hakuna kitu. Lakini koili ya relei ya volti 5 hunywa miliampea 70 hivi, na miliampea 70 zikipita kwenye miliohmu 50 zinaacha milivolti 3.5. Kwa LM35, hizo ni nyuzi 0.35.

Sasa tazama bodi ilivyopangwa. Umeme unaingilia kushoto, karibu na kigeuzi. Terminali za skrubu ziko kulia kwa sababu ndiko nyaya za nje zinakotokea, na relei imewekwa hukohuko. Njia moja ya graundi, yaani shaba ya kurudishia mkondo, inaanzia kwenye relei, inapita kwenye terminali ya sensa, inapita kwenye mguu wa graundi wa kigeuzi, ndipo inafika kwenye pawa saplai. Relei ikiwaka, mkondo wake unarudi kwa njia hiyo, na graundi ya sensa inapanda milivolti 3.5 juu ya graundi ya kigeuzi. Tuseme programu inawasha balbu joto likishuka chini ya 37.4 na kuizima likivuka 37.6. Joto halisi ni 37.39: washa. Papo hapo kipimo kinaruka hadi 37.74: zima. Mkondo wa relei unakatika, kipimo kinarudi 37.39: washa tena. Ndiyo tak-tak-tak yenyewe.

Kigeuzi hakikukosea hata chembe. ADS1115 ikipangwa kusoma hadi volti 4.096, kila hatua yake ni maikrovolti 125, kwa hiyo milivolti 3.5 ni hatua 28, na chipu imezihesabu zote kwa uaminifu. Kununua kigeuzi cha biti 24 kungeonyesha kosa lilelile kwa desimali nyingi zaidi. Kuchukua wastani wa vipimo mia hakusaidii pia, maana kosa hili halichezi huku na huku. Linaelekea upande mmoja kila relei inapowaka.

Sehemu kubwa ya kuchanganyikiwa huanzia kwenye mchoro wa saketi. Kwenye mchoro, alama ya graundi inachorwa mahali ishirini na sote tunakubaliana kwamba zote ni nukta moja yenye volti sifuri. Kwenye bodi hakuna nukta kama hiyo. Kuna vipande vya shaba vyenye ukinzani, na kuna mikondo inayopita juu yake kurudi ilikotoka, kwa sababu kila mkondo unaotoka kwenye pawa saplai lazima urudi kwenye pawa saplai. Volti nayo ni tofauti kati ya mahali pawili. Kigeuzi hakijui sifuri ya dunia iko wapi. Kinapima tofauti kati ya mguu wake wa ishara na mguu wake wa graundi, basi. Ni kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja: jirani akifungulia maji kujaza pipa, wewe uliye bafuni unaona shinikizo linashuka, ingawa hakuna aliyegusa bomba lako.

(Graundi hii isichanganywe na waya wa ardhi wa nyumba, ule unaoishia kwenye fimbo iliyochimbiwa nje. Ule ni wa usalama wa watu. Bodi inayotumia betri haina waya wa ardhi kabisa na bado inaweza kuwa na matatizo yote haya.)

Kwa mkondo wa polepole kama wa relei, dawa ni kuhakikisha unarudi bila kupita mahali ambapo sensa na kigeuzi vinategemea. Ipe relei njia yake nene moja kwa moja hadi kwenye mlango wa umeme. Afadhali zaidi, sogeza relei na terminali yake karibu na mlango huo, sensa na kigeuzi vikae upande wa pili, ili mkondo mkubwa usiwe na sababu ya kutembelea huko. Kama bodi tayari imechapwa, ADS1115 ina mlango wa kutokea: ina miguu minne ya ishara, na inaweza kupima tofauti kati ya miwili. Peleka waya wa ishara wa LM35 kwenye mguu mmoja, na waya mwingine mwembamba kutoka graundi ya sensa, palepale ilipo, kwenye mguu wa pili. Zile milivolti 3.5 zinakuwa zimepanda kwenye miguu yote miwili, na zikitolewa hazipo.

Hadi hapa ni ukinzani tu. Mambo yanageuka mikondo inapokuwa ya haraka, na hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu akili inaendelea kuamini kwamba umeme hufuata njia fupi kuliko zote.

Chukua njia ya dijitali inayobeba saa ya mawasiliano, yaani mapigo yanayopanga mwendo wa data, kutoka maikrokontrola hadi kwenye kigeuzi. Masafa yake yanaweza kuwa madogo, lakini ishara inaweza kuruka kati ya volti 3.3 na sifuri ndani ya nanosekunde chache, na mruko huo ndio wenye madhara. Kwa kasi hiyo kinachotawala si ukinzani bali induktansi, yaani ukaidi wa njia dhidi ya mkondo unaobadilika ghafla, na induktansi inapungua pale njia ya kwenda na ya kurudi zinapokaribiana. Basi kama chini ya njia hiyo kuna tabaka zima la graundi, mkondo wa kurudi haukati kona kuelekea pawa saplai. Unajikusanya chini ya njia iliyouleta na kuifuata kona kwa kona, hata kama njia hiyo imezunguka bodi nzima. Hesabu inayotumika sana inaonyesha kwamba karibu asilimia 80 ya mkondo huo hukaa ndani ya upana wa mara tatu ya kimo, kila upande wa njia. Kimo hapa ni umbali kati ya njia na tabaka la graundi. Kwenye bodi ya tabaka nne za shaba, ambapo kimo kinaweza kuwa milimita 0.2, mkondo unajibana ndani ya milimita 0.6 kila upande. Kwenye bodi ya tabaka mbili yenye unene wa milimita 1.6, unatawanyika hadi milimita 4.8 kila upande. Ndiyo maana bodi ya tabaka nne huwa tulivu bila ufundi mwingi, na kwa bei ambazo viwanda vya Uchina vinatoza siku hizi, mimi sioni ubahili wa kung'ang'ania tabaka mbili kwenye kazi ya biti 16 unaokoa nini.

Mkondo wa haraka ukijua njia yake namna hiyo, jambo baya kuliko yote ni kuikata. Na hapa tunafika kwenye ushauri ambao umeharibu bodi nyingi: gawa graundi mbili, ya analogi (upande wa volti za sensa) na ya dijitali (upande wa namba na maikrokontrola), kisha ziunganishe mahali pamoja tu.

Ushauri huu una msingi. Nia ni kuzuia mikondo ya dijitali isitembee chini ya sensa. Lakini fundi huchora mfereji katikati ya shaba, halafu anaunganisha pande mbili kule kwenye pawa saplai, sentimita kumi kutoka kwenye kigeuzi. Kigeuzi lazima kiwasiliane na maikrokontrola, kwa hiyo njia za saa na data zinaruka mfereji. Mkondo wake wa kurudi unafika ukingoni, unakuta hakuna shaba, na unalazimika kuzunguka hadi pawa saplai na kurudi upande wa pili. Mzunguko huo mkubwa ni antena kamili, ya kurusha na ya kupokea. Tena, graundi mbili za kigeuzi sasa zinatofautiana kila ishara ya saa inaporuka. Njia ya shaba ina induktansi ya takriban nanohenri 1 kwa kila milimita, chini kidogo pengine. Milimita 20 tu zinatoa kama nanohenri 20, na mkondo wa miliampea 10 ukipanda ndani ya nanosekunde 2 unazusha milivolti 100 juu yake. Milivolti 100! Tulikuwa tunalia kwa 3.5.

Henry Ott, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye maabara za utafiti za Bell Labs na kujulikana kwa masuala ya kelele za umeme, alikuwa na jibu ambalo nadhani linamaliza ubishi. Panga vifaa kana kwamba graundi imegawanywa: analogi upande wake, dijitali upande wake, kigeuzi kikikaa mpakani. Hakikisha hakuna njia ya dijitali inayoingia upande wa analogi, wala ya analogi inayoingia upande wa dijitali. Kisha usikate. Mikondo ya dijitali, kwa kuwa inafuata njia zake, itabaki upande wake yenyewe bila mfereji wowote. Na kama kuna njia moja korofi iliyovuka, mfereji usingeisaidia, ungeiongezea ubaya.

Utamu wa hoja hii ni kwamba inahamisha kazi kutoka kwenye kukata shaba kwenda kwenye kupanga vifaa. Bodi inashinda au inashindwa wakati unaamua kigeuzi kikae wapi na terminali zitokee upande gani, kabla hujachora njia hata moja.

Swali linalofuata huwa ni la miguu ya chipu. Vigeuzi vingi vina mguu ulioandikwa AGND (graundi ya analogi) na mwingine DGND (graundi ya dijitali), na fundi anaona kama mtengenezaji mwenyewe ameagiza graundi mbili. Majina hayo yanaeleza kilichomo ndani ya chipu. Nyaya nyembamba zinazounganisha kipande cha silikoni na miguu zina induktansi zake, na kama mikondo ya dijitali ingepita kwenye waya uleule wa analogi, ingeutikisa. Kwa hiyo mtengenezaji akatoa nyaya mbili. Zikishafika nje, kwa vigeuzi vya kawaida ambavyo mkondo wao wa dijitali ni mdogo, zote mbili zinatakiwa zikanyage tabaka lilelile la graundi, kwa njia fupi iwezekanavyo. Kuziweka mbali kunarudisha tatizo ambalo mtengenezaji alikwepa. Chipu nyingi pia zinaweka kikomo cha volti 0.3 hivi kati ya miguu hiyo miwili, na graundi zilizokatwa vibaya zinaweza kukivuka. ADS1115 yenyewe ina mguu mmoja tu wa graundi. HX711, ile chipu ya kigeuzi iliyojaa kwenye mizani za bei nafuu, nayo ina mmoja, umeandikwa AGND, na DGND utaitafuta usiione.

Kama bajeti inakulazimisha tabaka mbili, kazi inawezekana lakini inataka subira. Kosa la kawaida ni kuchora njia zote kwanza, juu na chini, kisha kubonyeza kitufe cha kumwaga shaba kwenye nafasi zilizobaki na kuamini kwamba graundi imepatikana. Fungua KiCad (programu ya kuchora bodi), zima tabaka la juu, tazama lile la chini peke yake. Utaona visiwa. Njia moja ndefu iliyopita chini kwa sentimita sita imekata shaba kama kisu, na kila kilicho upande mmoja kinazunguka ili kufika upande wa pili. Ule ni mfereji tu, tofauti ni kwamba huu hakuna aliyeukusudia. Jitahidi njia zote ziwe juu na chini kubaki shaba tupu. Panapolazimika njia mbili kupishana, moja izame chini kwa milimita chache, ipite, ipande tena kwa via, yaani tundu lenye shaba linalounganisha juu na chini. Rezista ya ohmu 0 ni daraja zuri kuliko watu wanavyoidhania: njia inapita chini ya tumbo lake, juu ya bodi, na shaba ya chini haiguswi.

Kapasita nazo zina jiografia yake. Ile ya nanofaradi 100 inayokaa kwenye mguu wa umeme wa chipu ipo ili mruko wa mkondo upate chaji hapohapo, bila kungoja ya pawa saplai iliyo mbali, nyuma ya induktansi. Ikiwa sentimita tano kutoka kwenye mguu, induktansi ya hizo sentimita tano inaiondolea maana, hata kama kwenye mchoro inaonekana imegusana na chipu. Iweke milimita moja au mbili kutoka mguuni, upande wake wa graundi ushuke kwa via yake yenyewe. Ya mguu wa volti rejea (volti ambayo kigeuzi hulinganishia vipimo vyake), kwa vigeuzi vyenye mguu huo, ndiyo ya kuheshimiwa kuliko zote, kwa sababu aina nyingi za vigeuzi hunyonya chaji hapo kila vinapoamua biti moja. Kwenye njia za dijitali zinazotoka kwenye kigeuzi, rezista ya ohmu 33 hadi 100 karibu na mguu inapunguza ukali wa miruko kwa gharama ndogo sana.

Na moduli ya kushusha volti, ile yenye LM2596 iliyo kwenye kila duka la vifaa vya elektroniki, inakatakata mkondo mara 150,000 kwa sekunde. Isogeze mbali na sensa. Mzunguko mkali wake ni ule wa kapasita ya kuingilia, chipu na dayodi, na ukiwa mdogo ndivyo unavyoudhi kidogo.

Kukata shaba bado kuna mahali pake. Pale miguu ya relei inapobeba volti 230 au 240 za ukutani, lazima kuwe na nafasi tupu kati yake na upande wa volti ndogo, na wengi huchimba hata tundu refu kwenye bodi chini ya relei. Hilo ni suala la uhai wa mtu, wala halihusiani na utulivu wa vipimo.

Mizani inastahili aya yake kwa sababu inaonekana kupinga niliyosema. Kihisi uzito cha kilo 40 chenye kiwango cha milivolti 2 kwa volti, kikilishwa volti 5, kinatoa milivolti 10 kikiwa kimebeba mzigo kamili. Gramu moja ni robo ya maikrovolti. Mtu angetegemea kwamba milivolti 3.5 za graundi zingeiangamiza kabisa, lakini haiangamii, kwa kuwa HX711 hupima tofauti kati ya nyaya mbili za kihisi, na graundi ikipanda zote mbili zinapanda pamoja. Madhara yanapitia mlango mwingine: volti ya kulisha kihisi. Kama waya wa E-, ule wa upande hasi wa volti hiyo, unarudi kwenye graundi mahali palipopanda milivolti 10 juu ya AGND, labda kwa sababu moduli ya Wi-Fi inapitisha miliampea 200 kwenye zile miliohmu 50, kihisi kinalishwa volti 4.99 huku chipu ikidhani ni 5. Hilo ni kosa la asilimia 0.2. Mizani ikiwa tupu huoni kitu. Weka kilo 40, zinapungua gramu 80 kila Wi-Fi inaporusha. Ukikutana na mizani inayotulia ikiwa tupu na kucheza ikiwa na gunia, anza kutafuta hapo. Gramu moja moja zinazochezacheza muda wote ni jambo jingine: chipu yenyewe ina kelele ya nanovolti 50 kwenye vipimo 10 kwa sekunde, ambayo kwa mizani hii ni gramu 0.2, na vilele vyake vinavuka gramu moja. Hizo hakuna bodi itakayoziondoa.

Kuthibitisha haya hakuhitaji maabara. Weka mita kwenye kipimo cha milivolti 200. Waya mweusi ushike mguu wa graundi wa kigeuzi, mwekundu ushike graundi kwenye terminali ya sensa, kisha washa relei. Ikitoka 0.0 kwenda 3.5, umeshapata mkosaji, na unaweza kuusogeza waya mwekundu hatua kwa hatua juu ya shaba hadi uone kipande gani kinabeba tofauti hiyo. Kisha toa sensa, unganisha waya wake wa ishara na graundi palepale kwenye terminali, soma namba za kigeuzi relei ikiwaka na kuzima. Hamishia muunganisho huo kwenye miguu ya kigeuzi yenyewe, soma tena. Namba zikitulia mguuni na kucheza kwenye terminali, kasoro iko kati ya hapo na hapo. Zikicheza hata mguuni, geukia volti ya chipu na kapasita zake.

Miruko ya nanosekunde mita haiioni. Inataka oskilosikopu, nayo ina mtego wake. Ule waya mrefu wa graundi wenye klipu ya mamba unafanya mzunguko mpana pamoja na ncha ya kupimia, na mzunguko huo unadaka kila kinachorushwa na moduli ya LM2596. Kabla ya kuamini picha iliyo kwenye skrini, bana ncha na klipu yake vyenyewe kwa vyenyewe, visogeze juu ya moduli bila kugusa kitu. Mawimbi utakayoyaona hapo yanatoka hewani, na inabidi uondoe klipu, utumie springi fupi ya graundi inayokuja na prob, ndipo upime upya.